Siku Tupu: Mwongozo kwa Anayesafiri na Gitaa

Umepata mwaliko. Pengine ni tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja. Pengine ni ukumbi wa Alliance Française Nairobi. Pengine ni hoteli ya Diani inayotafuta mtu wa gitaa kavu kwa Jumamosi moja. Kiasi cha malipo umeshatajiwa, na usiku ule usingizi haukuja kwa sababu ulikuwa ukiigawa hela kichwani: hii ya kodi, hii ya ada ya mtoto, hii ya nyuzi mpya. Hebu shika karatasi kwanza. Andika siku utakayotoka nyumbani na siku utakayorudi. Katikati yake tia alama kwenye siku utakazopanda jukwaani. Zinazobaki bila alama mimi naziita siku tupu, na ndizo zitakazoamua kama ulikwenda kazini au ulikwenda kutembea.

Siku tupu hula kama siku nyingine. Inalala gesti, inakunywa chai, inapanda bodaboda, inanunua vocha. Ila hailipwi. Tuchukue mfano: unalipwa shilingi 600,000 kwa onyesho moja, na safari nzima ni siku saba. Nauli ya kwenda na kurudi ni 160,000. Kulala na kula ni 50,000 kwa siku, yaani 350,000. Umebaki na 90,000, ukiigawa kwa siku saba haifiki 13,000 kwa siku. Muuza karanga wa stendi anaweza kukucheka. Sasa ingiza onyesho la pili ndani ya siku hizohizo saba, dogo tu, la 200,000. Nauli ilishalipwa, kitanda kilishalipwa, kwa hiyo hela yote hiyo inaingia mfukoni, na mabaki yako yanapanda hadi 290,000. Mwaliko mdogo umekufaa kuliko ule mkubwa uliokunyima usingizi.

Ndiyo maana nasema usipange safari kwa kufuata maonyesho. Panga kwa kufuata siku tupu.

Kuzijaza nako kuna namna yake. Ukiwa na mwaliko wa Unguja, iangalie njia nzima kama mwenye lori anavyoiangalia: hataki kurudi tupu. Boti ya kasi ikikufikisha Dar, kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, kuna Goethe-Institut, kuna Alliance Française. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, ambako wanafunzi na walimu watakusikiliza kwa masikio ya mafundi. Ukipandisha kaskazini, Tanga iko njiani, kisha Horohoro, Mombasa, Kilifi, mpaka Nairobi. Usitafute majukwaa peke yake. Warsha ya saa mbili shuleni inalipa, na nchini Kenya shule zinapojiandaa kwa mashindano ya Kenya Music Festival huwa zinatafuta watu wanaojua nyimbo za asili na vyombo vyake. Kuna pia kupiga barazani: mtu mwenye nyumba yenye nafasi anaalika marafiki zake 30, kila mmoja anachangia, wewe unapiga bila spika na kahawa inapita. Nimewahi kupata zaidi hapo kuliko kwenye kumbi zenye taa za rangi.

Ila kabla hujaongeza tarehe, usome mkataba wa tamasha lililokualika. Waandaaji wengi huweka kifungu kinachokukataza kupiga mji uleule au jirani kwa siku kadhaa kabla ya tarehe yao, maana hawataki watu wakuone bure kabla hawajakata tiketi. Uliza, usijifanye hukuona. Mara nyingi wanakuruhusu kupiga baada ya tamasha, na baada ya tamasha ndipo jina lako lina moto.

Kalenda nayo ina tabia zake. Sauti za Busara hufanyika Februari tangu ilipoanza mwaka 2004, na sharti lake ni muziki wa kupigwa mubashara, si wa kufuatisha sauti iliyorekodiwa. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 na 2027 inaanza ndani ya Februari. Kwa mtu wa pwani maana yake ni kwamba Shaabani harusi zinajaa hadi unakataa, kisha kimya, kisha Idd inakuja na kila kitu kwa pamoja. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingi za ufukweni hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa, na barabara za vumbi hugeuka tope. Mimi miezi hiyo nakaa nyumbani kutunga na kufundisha. Ukiona mtu anakualika ziara ndefu ya mikoani mwezi Aprili, muulize kama amewahi kuishi mikoani.

Usidharau hoteli. Najua wenzetu wengi huona aibu kupigia watalii wanaokula kamba, wanasema si sanaa. Them Mushrooms walikuwa bendi ya hoteli za pwani ya Mombasa, na hukohuko ndiko ulikotokea wimbo wa Jambo Bwana, waliourekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisha ukaimbwa na Boney M. Ayub Ogada, kabla dunia haijamjua, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akipiga nyatiti barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, na hapo ndipo watu wa kampuni ya rekodi ya Real World walipompata. Albamu yake ya En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993. Wimbo wake wa Kothbiro ukaja kutumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Mahali pa kupigia hapana heshima wala fedheha. Muhimu ni je, wanakulipa, na je, wanakuacha upige nyimbo zako walau nusu?

Kwenye hela sasa. Nusu ya malipo iingie kabla hujakata tiketi ya basi. Nusu ya pili ilipwe wakati wa kujaribu mitambo, jua likiwa bado juu. Usikubali "baada ya shoo". Baada ya shoo mwenye ukumbi ana wageni, mhasibu ameshaondoka, simu ya M-Pesa imeisha chaji, na wewe umechoka na kila mtu anakwambia ulikuwa moto kweli. Nilifundishwa hilo na mji mmoja wa pwani. Mwenye ukumbi aliniambia, tena kwa upole, "Kaka, tutaonana asubuhi tumalizane." Asubuhi nilimkuta mlinzi. Bosi amesafiri. Nilisubiri siku mbili, siku tupu mbili, nikala zile nilizolipwa kwanza, nikaondoka.

Kama makubaliano ni asilimia ya kiingilio, uwe na mtu wako getini, hata kama ni binamu ambaye hajawahi kushika tiketi. Kubalianeni mapema ni nani anaingia bure, maana orodha ya "wageni wetu" ina kawaida ya kuzaa. Uliza pia kama gharama zinakatwa kabla au baada ya kugawana. Nimeona promota akikata mafuta ya jenereta, walinzi, mabango na soda, kisha ndipo akakumbuka kwamba kuna mwanamuziki. Na kila unachopokea na unachotoa kiandike siku hiyohiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi watu wa muziki tuna daftari za mashairi tu.

Makubaliano yenyewe yasikutishe. Ukurasa mmoja unatosha, au hata ujumbe wa simu uliojibiwa "sawa, nimekubali". Utaje tarehe, mahali, muda wa kupiga, kiasi na lini kinalipwa, nani analeta mitambo, unahitaji vipaza sauti vingapi, utakula nini na utalala wapi. Hilo la mwisho wengi huliacha, wakiona kama kujidai. Nitalirudia, maana hapo ndipo tulipopoteza watu.

Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, yule mtu wa Morogoro ambaye nyimbo zake bado zinapigwa redioni, alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1965. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari kule Mombasa Januari 1979, akiwa bado kijana. Wala si hao tu. Muulize mwanamuziki yeyote mkongwe wa dansi, atakuhesabia wenzake kwa vidole vya mikono miwili na barabara walikobaki. Kazi yetu inaisha saa nane usiku, na saa nane usiku dereva naye alikuwa kwenye ukumbi uleule, akinywa kile kile walichokunywa wengine. Halafu kesho kuna onyesho jingine kilomita 300 mbele, na mtu anasema "tukiondoka sasa hivi tutafika mapema tupumzike." Hakuna maneno ninayoyaogopa kama hayo.

Kwa hiyo kitanda cha usiku wa onyesho kiwe ndani ya makubaliano, kama ulivyoweka kipaza sauti. Promota akisema hana bajeti ya kulala, ikate bei ya gesti kwenye malipo yako mwenyewe na ulale. Ukibebwa na gari la waandaaji, mmoja wenu akae mbele azungumze na dereva. Ukipanga miji, isiachane zaidi ya mwendo wa nusu siku, mwendo wa mchana. Hapo utaona siku tupu moja ikiongezeka kwenye karatasi yako, na nitakwambia iache. Hiyo imelipwa.

Kulala kwa watu kunapunguza gharama, na ukarimu wa kwetu bado upo. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukikaa kwa mtu, ingia jikoni, nunua unga, mpe shikamoo bibi wa nyumba kila asubuhi, na usifanye mazoezi ya sauti alfajiri. Na uondoke ukiwa bado unapendwa, kwa sababu mwakani utapita tena.

Chombo chako nacho kinasafiri na mwili wake. Gitaa lililozoea hewa ya Tanga au Unguja limejaa unyevu; ukilipeleka Ulaya majira ya baridi, ndani ya chumba chenye joto la mashine, mbao hukauka na kusinyaa. Langu lilipasuka kifuani kwenye chumba cha hoteli, usiku, kwa sauti ndogo kama mtu aliyevunja kijiti. Mafundi hutaka unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Huna kipimo? Weka kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kisha kisanduku kwenye mfuko wa gitaa, na usiliache gitaa nje ya mfuko. Ufa ukitokea, mwone fundi upesi. Ile methali ya ufa na ukuta nahisi ilitungwa na mpiga gitaa.

Ngoma ina shida yake. Ngozi ikilegea kwa unyevu, kwetu tunawasha moto wa makuti tunaipasha. Jaribu kuwasha moto nyuma ya jukwaa la ukumbi wa Paris uone watakavyokuja. Beba mashine ya kukaushia nywele, ipulize ngozi pole pole kutoka mbali kidogo, ukizungusha.

Angalia pia ngozi ni ya mnyama gani. Orutu nyingi za Wajaluo na engalabi za Waganda huwambwa kwa ngozi ya kenge, na kenge yumo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Kwenye mpaka wa nchi za mbali chombo hicho kinaweza kuzuiliwa usipokuwa na kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya kwenu. Rahisi zaidi ni kuwa na chombo cha pili cha safari, cha ngozi ya mbuzi. Kwa mbao, mambo yalikuwa magumu kuanzia Januari 2017, jamii nzima ya mpingo ilipowekwa chini ya masharti. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa, isipokuwa vya rosewood ya Brazil, ambayo ni kali tangu zamani.

Kwenye mipaka yetu wenyewe, Horohoro, Namanga, Holili au Mutukula, andika orodha ya vyombo na namba zake, piga picha, na omba forodha waigonge muhuri unapotoka. Bila hivyo, unaporudi mtu anaweza kukuuliza gitaa jipya hili umelinunua wapi. Kadi ya homa ya manjano isikae ndani ya begi kubwa lililofungwa juu ya basi. Na kumbuka kwamba Tanzania ina milango miwili ya vibali vya sanaa: bara ni BASATA, Zanzibar ni BASSFU. Mwandaaji akisema kibali kipo, mwombe nakala.

Safari ya ng'ambo ina karatasi nyingi zaidi, nitazipitia kwa haraka. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, nami nakushauri usingoje hata mwezi wa mwisho. Lakini viza na ruhusa ya kulipwa ni vitu viwili, na kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo mwandaaji aeleze kwa barua ni kazi gani, wapi, na kwa kiasi gani. Uingereza ina njia ya mgeni aliyealikwa kufanya kazi fupi ya kulipwa, ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kuingia, mradi kazi ilipangwa kabla ya safari. Marekani, anayepiga muziki wa utamaduni wake huombewa viza ya P-3, na anayeomba ni mwenyeji wa kule, si wewe. Ukienda na viza ya kutembea na begi la CD, afisa wa uwanja wa ndege ataijua hadithi yako kabla hujaisimulia.

Kodi nayo hukatwa kulekule. Ujerumani humkata msanii mgeni asilimia 15 na nyongeza yake, jumla 15.825, ila malipo yasiyozidi euro 250 kwa onyesho moja hayakatwi. Uingereza ni asilimia 20 kwa kawaida, Marekani 30 ya malipo yote kabla ya gharama. Kwa hiyo unapoambiwa euro 1,000, swali lako la kwanza liwe: mkononi au kabla ya kodi? Omba na cheti cha kodi uliyokatwa.

Halafu kuna hela ambayo wengi wetu tunaiacha mezani. Ukipiga nyimbo zako Ujerumani, Ufaransa au Uingereza, ukumbi hulipia matumizi ya nyimbo kwa vyama vya huko, GEMA, SACEM au PRS, na wao hutafuta mtunzi. Watakupata tu kama umesajili tungo zako na chama cha hakimiliki, na kama orodha ya ulichopiga jukwaani imepelekwa. Jaza fomu ya orodha hiyo usiku uleule, hata kama mkono unatetemeka kwa uchovu. Jina la mtunzi si jambo la kuacha liende hivihivi. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na wengine wengi, na mpaka leo watu wanabishana kama mwenyewe ni Fadhili William au Adam Salim. Rekodi wimbo kwenye simu siku unapoumaliza, taja jina lako na tarehe, jitumie.

Ukiwa mbele ya watu wasiojua lugha yako, usiwageuze wanafunzi. Sentensi mbili kabla ya wimbo zinatosha. Hukwe Zawose aliimba Kigogo mbele ya watu wa Ulaya kwa miaka mingi, na albamu yake ya Chibite ilitolewa na Real World mwaka 1996. Hakuwa akisimama kueleza kila ubeti. Maelezo marefu yaweke mezani, kwenye kitu wanachonunua. Mimi nilichapisha kanga yenye jina lililotoka kwenye wimbo wangu mmoja. Hazikuwa nyingi, na zilikwisha kabla ya CD.

Koo lako halina akiba, kwa hiyo usipige kelele kushinda injini ya basi, na sauti ikikauka usinong'one, maana kunong'ona nako kunaichosha: nyamaza. Tangawizi inafurahisha tu. Sauti ikikaa wiki tatu imekwaruza, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Waliobaki nyumbani usiwapigie simu ukiwa umeshuka tu jukwaani umeshangiliwa. Utazungumza kama mtu aliyelewa. Wapigie asubuhi. Wape tarehe ya kurudi iliyo kweli, na hela ya matumizi uiache kabla hujatoka, siyo "nitatuma nikifika". Mke wangu aliniambia zamani kwamba yeye hahesabu maonyesho yangu, anahesabu mitungi ya gesi.

Sasa rudi kwenye ile karatasi yako. Umejaza tarehe, umezuia safari za usiku, umebakiwa na siku tupu mbili au tatu. Moja usiijaze. Iweke katikati ya ziara, mji mdogo, gesti ya bei ndogo, na uiingize kwenye bajeti kama ulivyoingiza nauli. Yangu mara nyingi huwa Jumatatu. Nafua nguo, nazianika, nakaa kwenye ngazi na gitaa bila mpango. Nikifungua daftari la mwisho, ukurasa wa siku hiyo una mistari minne: gesti 25,000, chai na chapati 2,000, wali maharage 4,000, wimbo, haujaisha.